Kila Nyigu na Mdudu Wake

Pasua bua la mhindi lililotobolewa katika shamba la Kilifi au Kwale, na mara nyingi utamkuta mharibifu mwenyewe humo ndani: funza wa mabua, mnene, rangi ya krimu, madoa meusi yamejipanga mgongoni, anakula bila wasiwasi. Siku nyingine utakuta funza amelegea, ngozi imesinyaa, na ubavuni pake pamelundikana vifukofuko vyeupe vya nyuzinyuzi, kila kimoja kina urefu wa milimita chache tu. Wakulima wengi hudhani ni mayai ya funza, nao huviponda palepale kwa kidole gumba. Kumbe ni vya nyigu. Wamo humo wanajigeuza kuwa wazima, baada ya kuishi siku 10 hadi 15 ndani ya mwili wa funza yule, wakimla angali hai.

Nyigu huyo anaitwa Cotesia flavipes. Ni mweusi, ana miguu ya manjano, na urefu wake ni kama milimita 3. Hana haja na binadamu. Jike akishatoka kwenye kifukofuko na kupandwa, maisha yake yaliyobaki ni ya siku chache, na ndani ya siku hizo lazima ampate funza. Kinachomwongoza ni harufu ya mmea ulioliwa na harufu ya kinyesi cha funza, ule ungaunga unaosukumwa nje ya tundu la bua. Akilifikia tundu, haishii mlangoni. Huingia mwenyewe kwenye handaki, gizani, akatambaa hadi kwa funza, akamchoma kwa sekunde chache na kumwachia makumi ya mayai kwa mkupuo mmoja. Kazi hiyo ina hatari yake. Funza hugeuka akang'ata, na si nyigu wachache wanaofia mlemle ndani.

Watu wakisikia nyigu hufikiria wale wanaoning'iniza viota kwenye kenchi za nyumba na kumchoma mtu shingoni. Hao ni sehemu ndogo ya ukoo. Spishi nyingi za nyigu duniani ni vidusia: mama hutaga ndani ya mdudu mwingine au juu yake, mabuu humla mdudu huyo, na mwishowe humwua. Kupe na chawa hunyonya mwenyeji wao wakamwacha aendelee kuishi. Kidusia hamwachi. Yeye mwenyewe akishakuwa mzima hula mbochi wa maua au utomvu mtamu, na huenda asile nyama tena maisha yake yote.

Wapo wanaotaga ndani ya mayai ya nondo, kama jamii ya Trichogramma, ambao ni wadogo hata milimita moja hawafiki. Wapo wa viwavi, wa mabundo, wa vidukari, wa inzi. Wapo hata nyigu wanaoishi kwa nyigu wengine, wakitaga ndani ya mabuu yaliyomo ndani ya kiwavi. Jambo moja huwaunganisha: kila mmoja ana orodha fupi ya wadudu anaowaweza, pengine mdudu mmoja tu, na nje ya orodha hiyo hafai kitu. Mtu anayetaka nyigu amfanyie kazi shambani sharti kwanza ajue kwa uhakika ni mdudu gani anayemsumbua, ametoka wapi, na huko atokako ni nyigu yupi anayemla. Historia ya Afrika katika jambo hili ni historia ya watu waliofaulu kwa kujua nani ni nani, na waliokwama kwa kutokujua.

Kahawa ya Kenya ni mfano wa mapema. Katika miaka ya 1920 mashamba ya nyanda za juu yalivamiwa na vidung'ata, wadudu wadogo wenye nta nyeupe mwilini wanaojibana kwenye vikonyo na vishada vya kahawa na kunyonya utomvu. Walikojoa maji matamu, maji yakaota ukungu mweusi, na sisimizi wakawa wanawalinda ili wayanywe. Wakulima walifunga mikanda ya gundi kwenye mashina kuwazuia sisimizi. Wataalamu walidhani wanamjua mdudu huyo: walimhesabu kuwa spishi ya Asia iliyokwisha kuandikwa vitabuni. Kwa hiyo wakatafuta maadui wake Asia, wakawaleta, wakawaachia, na hao wageni hawakufua dafu.

Ni mwaka 1935 ndipo R. H. Le Pelley, mtaalamu wa wadudu aliyefanya kazi Kenya, alipoonyesha kwamba huyo ni spishi tofauti kabisa, akampa jina linaloitaja Kenya. Kwao hakukuwa mbali hata kidogo: ni nchi jirani ya Uganda, ambako alikuwepo bila kusumbua mtu kwa sababu maadui zake walikuwapo. Mwaka 1938 nyigu wa jamii ya Anagyrus waliletwa kutoka Uganda, wakatulia katika kahawa ya Kenya, na vidung'ata wakapungua hadi wakaacha kuwa tishio. Miaka na fedha zilikuwa zimepotea kwenye meli za Asia, na dawa ilikuwa ng'ambo ya mpaka.

Kisa kikubwa zaidi ni cha muhogo, na inafaa kukisimulia taratibu.

Mwaka 1973 mihogo iliyokuwa kandokando ya Kinshasa na Brazzaville ilianza kudumaa kwa namna ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Ncha za matawi zilijikunja zikawa fundo, pingili zikafupika, majani yakapukutika, shina likabaki uchi. Kwenye hizo ncha palijaa vidung'ata. Walikuwa majike watupu, maana spishi hii huzaa bila dume, na kila jike lilitaga mayai kwa mamia. Upepo uliwabeba. Watu nao waliwabeba bila kujua, kwa kupeana vipande vya kupandia. Kwa nchi ambako muhogo ni chakula cha asubuhi na jioni lilikuwa pigo la pande mbili: mizizi ilipungua, katika sehemu zilizoathirika vibaya kwa kiasi cha hadi asilimia 80, na majani pia yalitoweka, yale ambayo mashariki ya Kongo huliwa kama sombe na Tanzania kama kisamvu. Watu wapatao milioni 200 barani Afrika walitegemea zao hilo.

Mdudu alipewa jina la kisayansi mwaka 1977, Phenacoccus manihoti, kutokana na sampuli za Kongo. Kila mtu alifahamu kwamba si wa Kongo, kwa kuwa muhogo wenyewe ulitoka Amerika ya Kusini. Lakini Amerika ya Kusini ni kubwa, na huko hakuna aliyekuwa akimlalamikia mdudu wa namna hiyo. Mdudu anayedhibitiwa vizuri na maadui zake hawi na sifa. Hafahamiki, hana faili ofisini, na kumtafuta ni kupita shamba kwa shamba kugeuza majani.

Hans Herren, mtaalamu wa wadudu kutoka Uswisi, alijiunga na taasisi ya kilimo cha kitropiki IITA huko Ibadan, Nigeria, mwaka 1979, na kazi hiyo ikawa yake. Utafutaji ulianza Amerika ya Kati na kaskazini mwa Amerika ya Kusini. Huko akapatikana kidung'ata wa muhogo anayefanana sana na yule wa Afrika, pamoja na nyigu wake. Furaha haikudumu. Nyigu hao walipopewa kidung'ata wa Afrika, walimkataa. Walikuwa wamepata ndugu wa mhalifu tu; alikuwa spishi nyingine, baadaye akaitwa Phenacoccus herreni. Ni kosa lilelile la kahawa lililokuwa karibu kurudiwa, ila safari hii liligunduliwa mapema, kwa sababu nyigu wenyewe walitoa jibu.

Mwaka 1981 Tony Bellotti, wa kituo cha utafiti CIAT cha Colombia, alimpata mdudu halisi mbali kusini, nchini Paraguay. Pamoja naye alikuwapo nyigu mdogo wa chini ya milimita 2 ambaye leo anaitwa Anagyrus lopezi. Hakuletwa Afrika moja kwa moja. Alipitishwa kwanza karantini Uingereza ili kuhakikisha kwamba haambatani na magonjwa wala nyigu wengine wabaya, na kwamba anashambulia kidung'ata huyo tu. Kisha akapelekwa Ibadan, na kabla mwaka 1981 haujaisha nyigu wa kwanza walikuwa wameachiwa mashambani.

Ukiutazama mchuano huu kwa hesabu tu, nyigu hakustahili kushinda. Kidung'ata huzaa watoto wengi kuliko yeye mara nyingi. Uwezo wake uko kwingine. Kwanza, hamkosi. Muhogo ulioshambuliwa hutoa harufu ambayo nyigu huifuata, kwa hiyo hata vidung'ata wakiwa wachache katika shamba zima, atawafikia. Pili, hawaui kwa kutaga peke yake. Wengine huwachoma na kunywa maji ya mwili wao, ili apate lishe ya kutengenezea mayai zaidi. Tatu, ana haraka: yai linalotagwa leo huwa nyigu mzima katika wiki mbili hadi tatu. Kidung'ata aliyetagiwa huvimba kidogo, hukauka na kuwa ganda gumu la hudhurungi, na siku nyigu mpya anapokuwa tayari, hukata tundu la duara kwenye ganda hilo na kuruka.

Kuna jambo moja la ndani ambalo linastahili kujulikana na kila anayelima muhogo. Kwa nyigu, yai lililorutubishwa huwa jike na lisilorutubishwa huwa dume, na mama ndiye anayechagua. Akimpata kidung'ata mkubwa hutaga jike, kwa kuwa chakula kinatosha. Akimpata mdogo hutaga dume. Watafiti waliofuatilia mashamba ambako vidung'ata waliendelea kusumbua hata baada ya nyigu kuachiwa waligundua kwamba mengi yalikuwa kwenye udongo wa kichanga uliochoka, bila matandazo. Muhogo dhaifu hulisha vidung'ata wadogo, vidung'ata wadogo huzaa madume ya nyigu, na madume hayatagi. Mahali pa namna hiyo, mbolea na matandazo yalikuwa sehemu ya tiba sawasawa na nyigu.

Kwingineko kote kazi ilikwenda kwa kasi. Nyigu walizalishwa kwa wingi, wakasambazwa kwa magari, na katika maeneo mapana wakaachiwa kutoka angani kwa ndege ndogo iliyofungwa chombo maalumu. Nchi baada ya nchi ilijiunga, zaidi ya 20 kwa jumla, na kidung'ata alipofika Tanzania na Kenya mwishoni mwa miaka ya 1980 adui yake alikuwa amekwisha kuandaliwa. Mwanauchumi Richard Norgaard alipopiga hesabu mwaka 1988 alipata kwamba kila dola iliyotumika ilirudisha faida ya dola 149. Mwaka 1995 Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani. Na kidung'ata huyo alipozuka Thailand mwaka 2008, nyigu hawakutafutwa tena Paraguay. Walitoka Benin, kwenye kituo cha IITA, mwaka 2009. Afrika ndiyo iliyoipa Asia mbegu.

Mkulima wa kijijini hakutozwa senti moja kwa yote haya. Hakununua chupa, hakukodi pampu, na wengi hadi leo hawajui kwamba kuna kitu kilifanyika. Pengine ndiyo maana kazi kubwa namna hii haikumbukwi sana: hakuna aliyeuza chochote.

Turudi kwenye mahindi, maana huko ndiko somo la kujua nani ni nani linafika hatua ambayo hata jicho la mtaalamu halioni.

Funza wa mabua wa pwani, Chilo partellus, si mwenyeji. Ametoka Asia, alionekana Malawi katika miaka ya 1930, na baadaye akaenea Afrika Mashariki, akipendelea joto la pwani na nyanda za chini. Taasisi ya icipe ya Nairobi, iliyoasisiwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo kwa ajili ya sayansi ya wadudu, iliamua kumfuata kwao. Cotesia flavipes aliletwa kutoka Pakistan, na mwaka 1993 akaachiwa pwani ya Kenya. Miaka ya mwanzo alionekana kwa nadra, kiasi cha kutia shaka kama ameshika. Kisha akaongezeka. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 idadi ya funza hao pwani ilikuwa imepungua kwa karibu nusu. Alipelekwa pia Msumbiji, Uganda, Zanzibar na nchi nyingine.

Lakini panda kutoka pwani hadi Kitale, na hadithi hubadilika. Huko kwenye baridi funza mkuu ni Busseola fusca, mwenyeji wa Afrika, na Cotesia flavipes hamwezi. Anamtafuta, anampata, anamtagia, na mayai yanafia ndani. Chembe za damu za funza hulizingira kila yai, tabaka juu ya tabaka, hadi likafa. Hiyo ndiyo kinga ya mwili ya mdudu.

Afrika Mashariki ina nyigu wake wa asili wa kazi hii, Cotesia sesamiae, na watafiti walipomchunguza walishangaa. Nyigu wa spishi hiyohiyo waliochukuliwa Mombasa hawakuweza kukua ndani ya Busseola fusca. Mayai yao yalizingirwa na kuuawa. Waliochukuliwa Kitale waliweza bila shida. Kwa kuwaangalia hakuna awezaye kuwatenganisha: sura moja, rangi moja, jina moja. Tofauti imo kwenye kitu ambacho mama humdunga funza pamoja na mayai, nacho ni virusi.

Virusi hivyo hutengenezwa ndani ya viungo vya uzazi vya nyigu jike. Jeni zake zimo kwenye kromosomu za nyigu mwenyewe, na hurithishwa kizazi hadi kizazi pamoja na rangi ya miguu na urefu wa vipapasio. Wanasayansi wanakadiria kwamba ushirika huo una umri wa karibu miaka milioni 100. Zamani hizo kirusi kiliingia katika mwili wa nyigu, kikakaa, na kikageuka kuwa silaha yake. Kinapoingia kwenye damu ya funza hudhoofisha zile chembe za ulinzi, na mayai yakapata nafasi ya kuanguliwa. Nyigu wa Kitale na wa Mombasa hawana virusi vinavyolingana sawasawa, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoamua nani ataishi ndani ya funza yupi.

Kwa mtu anayepanga kuachia nyigu, hili lina uzito mkubwa. Haitoshi kuandika kwenye kisanduku jina la spishi. Lazima ijulikane alitoka mlima gani au pwani ipi.

Mhindi nao haukai kimya. Watafiti wa icipe waliokuwa Mbita, kando ya Ziwa Victoria, waligundua kwamba baadhi ya mbegu za kienyeji, zikiwemo Nyamula na Jowi za magharibi mwa Kenya, hubadilisha harufu yake mara tu nondo wa Chilo anapotaga juu ya jani. Funza hajatoka bado, jani halijaumwa, na tayari mmea unatoa harufu inayowavuta nyigu wa mayai, Trichogramma, na hata Cotesia wanaosubiri mabuu. Mahindi chotara ya kibiashara waliyoyapima hayakufanya hivyo. Katika kuchagua mavuno na ukubwa wa gunzi, sauti hiyo ya mmea ilipotea bila mtu kukusudia. Ni hasara ambayo wazalishaji wa mbegu wanaweza kuirudisha wakitaka, kwa sababu bado imo katika mbegu zinazohifadhiwa na akina mama kwenye vibuyu.

Huko Mbita ndiko pia kilikozaliwa kilimo cha vuta-sukuma, chini ya uongozi wa Dakta Zeyaur Khan. Matete hupandwa pembezoni kuwavuta nondo, na desmodiamu katikati ya mistari kuwafukuza. Kabla desmodiamu haijawa maarufu, watafiti walijaribu nyasi iitwayo Melinis minutiflora, na mwaka 1997 wakatangaza kwamba nyasi hiyo, pamoja na kufukuza nondo, hutoa harufu ileile inayotolewa na mhindi ulioumwa. Nyigu Cotesia sesamiae huja kwa wingi wakidhani kuna funza, na kwa kuwa funza wapo kweli kwenye mistari ya jirani, huwakuta.

Mazao mengine yana visa vyao. Kwenye kabichi na sukuma wiki kuna nondo mgongo-almasi, ambaye ana historia ya kuzoea dawa: huko Java, Indonesia, alikwisha kuizoea DDT mwaka 1953. Nyigu Diadegma semiclausum aliletwa Kenya kutoka Taiwan, na mwaka 2002 akaachiwa kwenye milima ya Taita na Limuru, ambako hali ya hewa ya ubaridi inamfaa. Inzi wa maembe aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 alitafutiwa Fopius arisanus kutoka Hawaii, nyigu anayelitafuta yai la inzi ndani ya ganda la tunda. Na mwaka 2021 mapapai ya pwani ya Kenya yaliletewa kutoka Ghana nyigu Acerophagus papayae, dhidi ya kidung'ata wa papai aliyekuwa ameingia miaka michache kabla.

Kila mmoja wa wageni hawa alihitaji kibali na majaribio ya ndani kabla ya kuguswa na upepo wa shamba. Hilo ni sawa kabisa. Nyigu akishaachiwa haitwi akarudi, na anayeweza kula wadudu wengi wa aina tofauti ni wa kuogopwa, hata akiwa na bidii namna gani. Sifa inayotafutwa ni uchaguzi, kwamba akikosa mdudu wake, afe njaa.

Adui mkubwa wa nyigu hawa ni pampu ya dawa. Funza wa mabua akishaingia ndani ya shina, dawa inayomwagwa juu ya majani haimfikii. Nyigu anayetembea juu ya jani hilohilo akinusa njia hupata dozi kamili. Wadudu waharibifu waliosalia huzaa upya kwa siku chache bila mtu wa kuwafuata, na mkulima akiona wamerudi wengi kuliko mwanzo huongeza dawa. Anayetaka kuvunja mzunguko huo anaweza kuanza na mambo madogo: kukagua kabla ya kupiga, kupiga sehemu iliyoshambuliwa tu, na kuacha maua pembezoni mwa shamba. Giligilani iliyoachwa ichanue hutoa mbochi ambao nyigu mdogo anaufikia kwa mdomo wake mfupi, na nyigu aliyeshiba huishi siku nyingi zaidi, kwa hiyo hutaga zaidi.

Viwavijeshi vamizi walipotokea Afrika Magharibi mwaka 2016 na kufika Afrika Mashariki mwanzoni mwa 2017, serikali nyingi zilikimbilia dawa, na kwa hofu iliyokuwapo si rahisi kuzilaumu. Wakati huohuo wataalamu walianza kukusanya mayai na viwavi mashambani na kuwaweka kwenye vikopo, wasubiri kuona nini kitatoka. Katika mayai walitoka nyigu Telenomus remus, weusi, wa nusu milimita hivi, wenye uwezo wa kupenya katikati ya tabaka za mayai ambayo nondo huyafunika kwa manyoya yake. Asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki, lakini alikutwa tayari yuko Kenya, Benin, Niger, Ivory Coast na Afrika Kusini. Mayai aliyotagia hugeuka meusi, na mkulima akiyaona hana sababu ya kuyaponda.

Katika viwavi alitoka mwingine, Cotesia icipe, aliyepewa jina lake la kisayansi mwaka huohuo wa 2017, kwa heshima ya taasisi ya Nairobi. Wa kwanza kujulikana walikuwa wametolewa kwenye viwavi wanaokula mchicha nchini Kenya. Kiwavijeshi kutoka Amerika hakuwa kwenye orodha yake ya chakula, kwa sababu hawakuwahi kukutana. Hata hivyo viwavi hao wa mchicha ni wa jenasi moja na mgeni, Spodoptera, na kwa nyigu huyu undugu huo ulitosha. Ukaguzi uliofanywa katika mashamba ya mahindi ya Ethiopia mwaka 2017, msimu wa kwanza wa uvamizi, ulionyesha kwamba pale alipopatikana alikuwa ameshawatagia viwavi 34 hadi 45 katika kila 100. Hakuna aliyekuwa amemzalisha kwenye maabara wala kumwachia shambani.